Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha ya jibini, lozi na mikate ya Clara Peeters

Kila picha hii inapopita mtandaoni watu wanauliza maswali yaleyale, na majibu wanayopewa mengi ni nusunusu, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine ni sentensi mbili tatu basi.

Picha yenyewe ni ipi, na iko wapi?

Ni picha ya meza yenye jibini, siagi, lozi, matunda makavu, mikate, glasi, jagi na kisu. Aliichora Clara Peeters, mwanamke wa Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo, mwaka 1615 hivi. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao, na ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kama sentimita 35 kwa 50, yaani unaweza kuibeba kwapani. Leo iko kwenye makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, Uholanzi, palepale ilipo ile picha ya Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu, na wageni wengi wanakwenda moja kwa moja kwa yule msichana. Mauritshuis waliinunua mwaka 2012, kwa hiyo katika ukuta ule bado ni mgeni ukilinganisha na jirani zake.

Clara Peeters alikuwa nani?

Tunachokijua kwa uhakika kimetoka kwenye picha zake zaidi kuliko kwenye karatasi. Picha yake ya zamani kabisa yenye tarehe ni ya 1607, na nyingi za zile bora zina tarehe za 1611 na 1612. Mbao alizochorea, kadhaa zina mhuri wa mafundi mbao wa Antwerp kwa nyuma, na visu alivyochora kwenye baadhi ya picha vina alama ya mafundi wa fedha wa Antwerp, kwa hiyo ushahidi wote unaelekea mji huohuo. Picha zinazohesabiwa kuwa zake ni kama arobaini.

Kwenye madaftari ya chama cha wachoraji cha Antwerp, kile cha Mtakatifu Luka, jina lake halimo, lakini madaftari yenyewe yana mapengo, kurasa za miaka kadhaa hazipo, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba eti hakuwa mchoraji halisi kwa sababu hakusajiliwa. Mtu aliyechora hivi alikuwa na wateja, alikuwa na mwalimu, na alikuwa na pesa au mkopo wa kununulia rangi ambazo hazikuwa rahisi. Hiyo ni kazi, sio kupitisha muda.

Mezani kuna nini hasa? Nataka kujua kila kitu.

Haya, twende taratibu maana hapa ndo penye utamu.

Nyuma kuna kipande kikubwa cha jibini la manjano, limekatwa na ule upande wa ndani unatutazama sisi, unaona kabisa pale kisu kilipopita na pale jibini lilipoanza kukauka pembeni. Limeegemeana na majibini mengine madogo, moja lina rangi ya giza zaidi, na juu ya rundo hilo ameweka sahani yenye siagi iliyokwanguliwa ikajikunja. Hiyo siagi iangalie vizuri, kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli, na ncha zake ni nyembamba mpaka unaona kama zinataka kuyeyuka. Kuna lozi, tini kavu na zabibu kavu, kuna mkate, na kuna ile mikate midogo iliyosokotwa mafundo, ambayo hata leo ulimwengu mzima unaitafuna. Kuna glasi ya mtindo wa Venice yenye urembo wa dhahabu, nyembamba mno, na nyuma yake jagi la udongo uliochomwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, lina kifuniko cha metali. Kuna kauri ya bluu na nyeupe kutoka China. Na mbele kabisa kuna kisu cha fedha.

Nyuma ya vyote hivyo ni giza. Hakuna dirisha, hakuna ukuta wenye mapambo, hakuna kitambaa cha meza kilichodariziwa. Ameondoa kila kitu ambacho kingekuvuta macho kwingine.

Ni kweli amejichora mwenyewe kwenye kifuniko cha jagi?

Kweli kabisa, na ukishamuona huwezi tena kutomuona.

Kifuniko cha jagi kinang'aa, na kwenye mng'ao wake kuna sura ya mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Ni kadogo sana, ni miguso michache tu ya brashi, mtu akipita haraka anadhani ni mwanga wa dirisha. Lakini ni yeye, amekaa pale alipopaswa kukaa mchoraji, mbele ya meza, anatazama vitu vilevile tunavyovitazama sisi.

Hakufanya hivyo mara moja. Kwenye picha zake zisizopungua nane amejificha hivihivi, kwenye vifuniko, kwenye vikombe vya dhahabu, kwenye majagi ya bati. Kwenye picha ya 1612 iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, kuna kikombe kirefu kilichopakwa dhahabu chenye vinundu vingi vya mviringo, na kwenye vinundu kadhaa kila kimoja kuna Clara mdogo, na ukikaza macho unaona ameshika paleti, yaani kile kibao cha kuchanganyia rangi, na brashi. Yaani hakujichora kama mama wa nyumba aliyepita karibu na kikombe, alijichora akiwa kazini. Mimi hapo ndo huwa nakwama, kwa sababu wakati huo mwanamke kusema hadharani "hii ni kazi yangu" halikuwa jambo dogo, na yeye alilisema mara nyingi kwa sura ambazo hazizidi punje ya mchele.

Kwa hiyo ndo selfi ya kwanza duniani?

Hapana. Jan van Eyck alishafanya mchezo wa kioo mwaka 1434 kwenye picha ya mume na mke iliyoko National Gallery, London, ambapo kioo cha mviringo ukutani kinaonyesha watu wawili mlangoni. Wachoraji wa nchi hizo waliupenda sana ujanja wa mng'ao kwa sababu ulionyesha ufundi. Kilicho cha Clara ni kwamba aliufanya kuwa desturi yake, na aliufanyia kwenye picha za chakula, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kukutana na mtu.

Kisu kina jina lake kweli? Mbona watu wanasema ni kisu cha harusi?

Ndiyo, jina CLARA PEETERS limeandikwa ubavuni mwa mpini, kwa herufi kubwa, kana kwamba fundi wa fedha ndiye aliyelichonga. Hiyo ndiyo saini ya picha. Hakusaini kwenye kona kama wengine, alisaini kwenye kitu.

Na ni kweli ni kisu cha aina ya harusi. Enzi hizo bibi harusi alikuwa anapewa visu vyenye mpini wa fedha uliochongwa, ni vyake binafsi, anatembea navyo na kulia navyo, kwa sababu kwenye karamu wageni walikuja na visu vyao. Mpini wa kisu hiki una michoro ya fadhila, Imani na Kiasi, yaani zile tabia ambazo mke mwema alitakiwa awe nazo. Kisu hikihiki au ndugu yake kinaonekana kwenye picha zake nyingine kadhaa, na kwenye baadhi nako kina jina lake.

Sasa watu wanapenda kurukia hapo: basi alikuwa ameolewa! Tulia kwanza. Jina kwenye kisu kilichochorwa halithibitishi ndoa, linathibitisha kwamba mchoraji aliamua jina lake likae hapo. Ninavyoona mimi ni uamuzi wa mtu mwenye akili ya biashara pia, maana kitu hicho ni cha mwanamke, mnunuzi akikiona anajua papo hapo aliyechora ni mwanamke, na Clara angeweza kabisa kulificha hilo kama angetaka. Tazama pia kilivyowekwa: kimechomoza ukingoni mwa meza, mpini unakuja upande wako, unajikuta mkono unataka kukishika.

Siagi juu ya jibini ina maana gani? Nimesoma kwamba ni dhambi ya ulafi.

Kuna msemo wa zamani wa Kiholanzi unaosema maziwa juu ya maziwa ni kazi ya shetani, maana yake kula siagi pamoja na jibini ni kupitiliza, chagua moja. Kwa hiyo kuna wasomi wanaoona hapo onyo: mbele yako kuna neema, usiwe mlafi, na ndo maana mpini wa kisu una Kiasi. Inawezekana, wanunuzi wa wakati huo walikuwa watu wa dini na walipenda picha yenye jambo la kuzungumzia wakiwa mezani.

Lakini mimi siamini kwamba kila zabibu hapo ni mahubiri. Ukienda na orodha ya alama, jibini ni hiki, mkate ni mwili wa Kristo, lozi ni kile, unamaliza picha kwa dakika moja na hujaiona. Mtu aliyekaa akasoma ule ukingo mkavu wa jibini kwa uangalifu ule alipenda kutazama. Hilo nalo ni sababu tosha ya kuchora. Halafu maziwa yalikuwa fahari ya nchi zile, jibini na siagi vilikuwa chakula cha kila siku na pia bidhaa ya kuuza nje, mnunuzi aliona utajiri wa kwao.

Hii ilikuwa meza ya tajiri au ya mtu wa kawaida?

Imechanganya, na mchanganyiko huo umefanywa makusudi. Jibini, siagi na mkate hata mtu wa kawaida alikula. Lozi, tini na zabibu kavu zilikuja kwa meli kutoka kusini, nchi za Bahari ya Kati, hizo zina bei. Glasi ya mtindo wa Venice ni ya mwenye nacho.

Na kauri ya China ndo kabisa. Ni kauri ya zama za mfalme Wanli, aliyetawala China kuanzia 1572 mpaka 1620, ilikuwa inatoka mbali kiasi hicho na kufika mzima, bila kuvunjika, ni habari. Mwanzoni iliingia kupitia Wareno, kisha mwaka 1603 Waholanzi wakaiteka meli ya Kireno iitwayo Santa Catarina karibu na Singapore, shehena yake ikauzwa Amsterdam mwaka uliofuata, na hapo ndo watu wa kaskazini walipoanza kuipata na kuitaka kwa wingi. Clara anachora miaka kama kumi tu baada ya mnada huo. Kwa hiyo unapoiona sahani ya bluu kwenye meza hii usiione kama kitu cha zamani, kwake kilikuwa kitu kipya cha mjini.

Na siasa nayo imo, ingawa haionekani. Kuanzia 1609 mpaka 1621 vita kati ya Hispania na Waholanzi vilisimamishwa kwa mapatano ya miaka 12, Antwerp ikapumua, biashara ikarudi kidogo, watu wakawa na hela ya kununua picha. Meza hii imechorwa katikati ya pumziko hilo.

Kwa nini wanawake wachoraji wa zamani walichora sana vyakula na maua? Ni kwa sababu walikuwa jikoni?

Hapana, na hili jibu la jikoni linaniudhi kwa sababu linageuza uamuzi wa kikazi kuwa tabia ya kuzaliwa.

Kilichokuwepo ni hiki. Picha zilizohesabiwa kuwa kubwa zilikuwa za Biblia, za vita na za miungu ya Wagiriki, na ili uzichore lazima ujue mwili wa mtu, na ili ujue mwili lazima ukae mbele ya mtu aliyevua nguo umchore. Mwanamke haruhusiwi. Ufundi nao ulifundishwa kwenye karakana, kijana anakwenda kuishi kwa bwana wake miaka kadhaa, na hilo kwa binti lilikuwa gumu mno isipokuwa kama baba yake au ndugu yake ni mchoraji. Meza yenye vitu haikuhitaji ruhusa ya mtu, unapanga mwenyewe, vinakaa kimya, unachora. Miaka ya 1660 mwandishi wa Kifaransa André Félibien akaja kuandika ngazi ya heshima ya picha, juu kabisa hadithi kubwa, chini kabisa vitu visivyo na uhai, na ngazi hiyo ikatawala fikra za watu kwa muda mrefu sana, kwa hiyo mwanamke aliingia kwenye mlango uliokuwa wazi halafu akaambiwa mlango huo ni wa uani.

Ila kumbuka pia: wakati Clara anaanza, picha za aina hii zilikuwa ni kitu kipya kabisa Antwerp. Hakuwa anafuata mkia. Osias Beert, mwanaume wa mji huohuo na wakati huohuo, alipanga vyombo vingi vilivyoachana na kuvitazama kutoka juu, kila sahani inaonekana yote. Clara akashusha jicho mpaka karibu na usawa wa meza, akavipunguza vitu, akaviacha vifichane, kimoja mbele ya kingine. Ukishusha jicho hivyo vitu vinapata uzito, jibini linakuwa kama mlima. Wachoraji wa Uholanzi waliokuja baadaye na meza za jibini na mkate walikwenda njia hiyohiyo. Na picha yake ya samaki ya 1611, iliyoko makumbusho ya Prado mjini Madrid, Hispania, inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake huko Ulaya. Huyo ni mtu anayefungua njia.

Mbona hakuna mtu kwenye picha ya maisha ya nyumbani?

Mtu yupo kila mahali ila hakai. Kuna aliyekata jibini. Kuna aliyekwangua siagi. Kisu kimewekwa pale na mkono uliotoka sasa hivi. Halafu kuna yule kwenye kifuniko. Kwangu hii ni njia bora ya kuchora nyumba kuliko kuweka mama na watoto wakitabasamu.

Alichoraje? Alikuwa na vitu vyote mbele yake?

Vyombo alikuwa anavirudia, ndo maana kisu, vikombe na sahani za aina moja zinaonekana kwenye picha tofauti, kwa hiyo ama alikuwa navyo ama alikuwa na michoro yake ya kufanyia kazi. Chakula kingine kinaharibika haraka, na rangi ya mafuta inakauka polepole, unaweka tabaka, unasubiri siku, unaweka jingine. Usidhani meza yote ilikaa hivyo wiki nzima na siagi juu.

Utaratibu wa kawaida wa wachoraji wa huko ulikuwa hivi: ubao wa mwaloni unapakwa chokaa na gundi mpaka uwe laini na mweupe, mchoro wa awali unawekwa juu yake, kisha rangi za chini, kisha tabaka nyembamba nyembamba za rangi iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Ubao laini ndo unaoruhusu mistari midogo kama ile ya herufi za kisu, kitambaa chenye nyuzi kingekwamisha brashi. Mwanga wa mwisho, ile nukta nyeupe kwenye glasi na kwenye chembe ya chumvi, unawekwa mwisho kabisa, na kwa rangi nzito kidogo, ndo maana ukitazama kwa pembeni nukta hizo zinanyanyuka.

Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona hatukumsikia shuleni?

Kwa sababu walioandika vitabu hawakumuweka. Kuna stori ya kweli hapa ambayo naipenda: mume na mke wa Kimarekani, Wilhelmina na Wallace Holladay, walikuwa wanatembelea makumbusho Ulaya, wakavutiwa na picha za Clara Peeters, wakarudi kwao kumtafuta kwenye kitabu kikuu cha historia ya sanaa kilichokuwa kinatumika vyuoni, hayumo, wakatafuta mwanamke mwingine yeyote, hayumo hata mmoja. Wakaanza kukusanya kazi za wanawake, na mkusanyiko huo ukazaa National Museum of Women in the Arts, Washington, iliyofungua milango mwaka 1987. Leo wana picha ya Clara yenye samaki na paka. Kwa hiyo jengo zima limesimama kwa sababu watu wawili waliiona meza yake wakauliza swali hilohilo ulilouliza wewe.

Prado ya Madrid ilifunguliwa 1819. Ilikuwa na picha nne za Clara, zilizotoka kwenye mkusanyiko wa wafalme wa Hispania, yaani wafalme walimtundika ukutani. Maonyesho ya kwanza ya Prado kumhusu mchoraji mwanamke peke yake yalikuwa ya huyuhuyu Clara, yakafunguliwa Oktoba 2016, baada ya kuanzia Antwerp. Fanya hesabu mwenyewe, karibu miaka 200.

Nitajieni wanawake wengine waliochora meza, matunda na maua.

Fede Galizia wa Milan alianza hata kabla ya Clara, matunda machache kwenye bakuli, yametulia kweli. Louise Moillon wa Paris, aliyezaliwa 1610, alichora stroberi na pichi, kazi zake nyingi ni za kabla hajaolewa mwaka 1640, na unajiuliza tumekosa nini baada ya hapo. Josefa de Óbidos wa Ureno alichora keki na peremende. Anne Vallayer-Coster aliingia Akademia ya Kifalme ya Ufaransa mwaka 1770 akiwa na miaka 25 tu.

Wawili nawaongezea neno. Maria van Oosterwijck, Mholanzi, hakuolewa, aliuza maua yake mpaka kwa Louis wa 14 wa Ufaransa, na mtumishi wake wa nyumbani, Geertgen Wyntges, aliyekuwa anamsagia rangi, akafundishwa kuchora mpaka naye akawa mchoraji. Na Rachel Ruysch wa Amsterdam, binti wa daktari Frederik Ruysch aliyekuwa maarufu kwa mkusanyiko wake wa viungo na mimea, alizaa watoto kumi na hakuacha kuchora, mwaka 1708 akateuliwa mchoraji wa mtawala wa Düsseldorf, na aliendelea kusaini kazi mpaka uzeeni. Rijksmuseum ya Amsterdam iliweka kazi yake kwenye ukumbi wao mkuu mwaka 2021, pamoja na za Judith Leyster na Gesina ter Borch, na kabla ya hapo ukumbi ule haukuwa na mwanamke.

Siwezi kusafiri. Naionaje vizuri kwenye simu?

Mauritshuis wameiweka kwenye tovuti yao kwa resolusheni kubwa, usitumie zile kopi zilizopita mikono mingi maana kifuniko cha jagi kinageuka tope. Ongeza mwanga wa skrini. Usizumu kwanza, iache nzima ukae nayo kidogo uone uzito uko wapi, kisha nenda kwenye mpini wa kisu usome jina, kisha panda mpaka kwenye kifuniko. Ukifika hapo zumu mpaka sura ianze kuvunjika kuwa doa, halafu rudi nyuma polepole, kuna umbali mmoja ambapo doa linageuka mtu ghafla. Kama una mtoto karibu mwite, watoto wanamuona haraka.

Nikitaka kuona nyingine za kwake nianze na ipi?

Anza na zile za Prado, zote nne ziko mtandaoni, na tatu zina tarehe ya 1611, kwa hiyo unaona mwaka mmoja wa kazi ya mtu. Ile ya maua, kikombe cha dhahabu, lozi na jagi la bati ina sura zake kwenye kikombe na kwenye jagi pia, zihesabu mwenyewe. Kisha ya samaki, ukiangalia magamba kumbuka Antwerp ilikuwa ya Kikatoliki na siku za mfungo hazikuwa na nyama, kwa hiyo hao samaki nao ni chakula cha siku fulani ya wiki. Kisha ndo uende Karlsruhe kwa kile kikombe chenye vinundu. Oxford nako, makumbusho ya Ashmolean, wana ya kwao moja.